Cheti cha BRELA Hakimfanyi Mtu Wakili

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu hapa Dodoma yamebadilika sura. Zamani mtu alikuja kumlalamikia wakili aliyechukua ada akaacha kutokea mahakamani. Sasa wengi wanalalamikia "kampuni ya huduma za kisheria", na ukiwauliza wakili wao ni nani, hawamjui. Mwananchi mmoja alituletea mkataba wa mauziano ya kiwanja cha Nala, kurasa mbili, una mhuri wa kampuni iliyomuuzia. Chini kabisa, mahali ambapo Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inataka jina la aliyeandaa waraka, pameandikwa "Idara ya Sheria". Hakuna idara iliyowahi kuapishwa kuwa wakili.

Jambo hili tumelieleza mara nyingi na bado linarudi: BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, husajili kampuni na majina ya biashara, haimpi mtu haki ya kufanya uwakili. Wakili ni mtu aliyeandikishwa kwenye Daftari la Mawakili linalotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu, na mwenye leseni ya uwakili iliyo hai. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Anayefanya kazi bila kuihuisha huhesabiwa kuwa hana sifa, na nyaraka alizowasilisha mahakamani zinaweza kuondolewa. Gharama za kuanza upya zinabaki kwako. Asiye wakili akijifanya wakili anatenda kosa la jinai. Wakili anayemwazima mhuri wake hushtakiwa mbele ya Kamati ya Mawakili, ambayo inaweza kumwonya, kumsimamisha, au kuagiza jina lake lifutwe daftarini.

Tunaulizwa pia kwa nini mwenye mtaji asiruhusiwe kumiliki ofisi ya mawakili, wakati anamiliki hospitali bila kuwa daktari. Ni swali halali, na nchi nyingine zimeshalijibu. Jimbo la New South Wales, Australia, liliruhusu ofisi za mawakili kuwa kampuni mwaka 2001. Mwaka 2007 Slater & Gordon ya Australia ikawa ya kwanza duniani kuuza hisa zake sokoni, ikiwaeleza wanunuzi kwamba wajibu wake wa kwanza ni kwa mahakama, wa pili kwa mteja, na mwenye hisa anafuata baada ya hapo. Mwaka 2015 ilinunua biashara kubwa Uingereza, madeni yakaielemea, hisa zikaporomoka, na mwaka 2017 ikaangukia mikononi mwa wakopeshaji. England na Wales, chini ya sheria ya mwaka 2007, asiye wakili anaruhusiwa kumiliki, ila mwenye asilimia 10 au zaidi lazima akubaliwe kwanza na chombo kinachosimamia mawakili. Arizona, Marekani, nayo ilifungua mlango mwaka 2021.

Kwetu hali ingekuwaje? Ofisi nyingi za Dodoma ni za wakili mmoja au wawili, na riziki yao ni viapo, mikataba ya viwanja na mirathi. Mwenye mtaji angeanza na kazi hizohizo: angeshusha bei, afungue hadi Jumapili, apokee wateja kwa simu. Mwananchi angefurahi, na ana sababu. Mwenye ofisi ndogo angebaki na kesi ndefu za ardhi, au aende kuajiriwa. Lakini kampuni inayouza viwanja ikimiliki pia ofisi inayoandaa mikataba yake, nani atamwambia mnunuzi kwamba kiwanja kina mgogoro? Tena katika ubia wa kawaida mawakili huwajibika kwa madeni ya ofisi hadi kwa mali zao binafsi. Mwenye hisa wa kampuni hupoteza mtaji wake tu. Kwa maoni yangu, bila kanuni kali juu ya mambo haya mawili, mlango huo usifunguliwe.

Haya si tangazo la mabadiliko yoyote. Kwa sasa wakili haruhusiwi kugawana ada yake na mtu asiye wakili, hata kama ndiye aliyelipa pango la ofisi.

Kabla hujasaini, tafuta jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ni jina la mtu, siyo la kampuni. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ya ofisi ya wakili, si ya dalali. Ukiwa na malalamiko, yalete kwa maandishi pamoja na mkataba, risiti na jina kamili la aliyesaini. Ikibainika kwamba aliyesaini si wakili, shauri lako linaanzia polisi.