Je, wajua kwa nini petroli yenye ethanoli huyasumbua magari ya zamani?

Chukua chupa nyembamba ya kioo, tia maji kiasi cha vidole viwili, kisha piga alama pale yalipofika. Mimina petroli juu yake, acha nafasi kidogo, funga, tikisa, halafu iache itulie mahali penye hewa, mbali kabisa na moto. Kama ni petroli tupu, maji yatarudi palepale kwenye alama. Kama imechanganywa na ethanoli, tabaka la chini litakuwa limepanda kupita alama, kana kwamba maji yameongezeka. Kilichoongezeka ni ethanoli: imeiacha petroli ikayafuata maji.

Ukilielewa hilo la kwenye chupa, umeelewa sehemu kubwa ya matatizo ya gari la zamani.

Ethanoli ni pombe, hupatikana kwa kuchachusha miwa, molasi au mahindi na kuikeneka. Kuichanganya na petroli si jambo geni Afrika. Malawi imekuwa ikifanya hivyo tangu 1982, Zimbabwe ilianza 1980, na Kenya nayo katika miaka ya 1980 ilichanganya ethanoli ya kiwanda cha Muhoroni, kwenye ukanda wa miwa. Uingereza ilifanya E10, yaani petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, kuwa mafuta ya kawaida vituoni mwezi Septemba 2021, ikabakiza E5, yenye hadi asilimia 5, kwenye petroli ya daraja la juu kwa ajili ya magari ya zamani.

Tangi la gari la zamani hupumua. Usiku likipoa huvuta hewa ya nje, na kwa mtu wa Mombasa au Tanga hewa hiyo imebeba unyevu. Mpira wa kifuniko ukichakaa, mvua nayo hupenya. Petroli tupu haichanganyiki na maji. Yakiingia huzama chini. Ethanoli huyapokea na kuyashika, na gari linalotembea kila siku huyachoma kidogo kidogo bila dereva kujua. Kwa gari kama hilo sioni sababu ya hofu kubwa. Shida ni gari linaloegeshwa miezi. E10 hubeba maji kama nusu ya asilimia moja tu. Kwa tangi la lita 60, hiyo ni mililita 300, ujazo wa chupa moja ya soda. Yakizidi hapo, maji na ethanoli hujitenga kwa pamoja na kuzama, na bomba la kunyonya mafuta liko huko huko chini. Injini hunyweshwa maji yenye pombe, ikakataa kuwaka. Petroli iliyobaki juu nayo imepoteza nguvu ya okteni, yaani uwezo wa kutowaka kabla ya wakati, kwa hiyo hata injini ikiwaka, huanza kugonga.

Fungua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya gari lililolala hivyo. Chini ya bakuli utakuta unga mweupe umegandamana na chuma, na vitundu vya jeti vinavyopitisha petroli vimezibwa. Huo unga ni kutu ya alumini na zinki. Brazili, iliyouza Fiat 147 ya kutumia pombe tupu mwaka 1979, ililijua tatizo hili mapema. Kabureta za magari ya pombe zilipakwa nikeli ndani.

Halafu kuna mipira. Mipira ya mafuta, gasketi na diaframu (utando) ya pampu za zamani hazikutengenezwa kwa ajili ya pombe: huvimba, hulainika, kisha hupasuka. Ninaomba uchukulie jambo hili kwa uzito kuliko yote, maana mpira uliopasuka juu ya injini ya moto unaweza kuliteketeza gari. Ethanoli pia huyeyusha uchafu ulioganda kwenye tangi kwa miaka mingi na kuusukuma hadi kwenye chujio, ndiyo maana gari huweza kuanza kumisi baada ya kujazwa mafuta haya mara moja au mbili tu.

Katika kuchoma, tofauti ni ndogo. Ethanoli ina oksijeni ndani yake, hivyo inahitaji hewa kidogo: kilo 9 kwa kilo moja, petroli ikihitaji 14.7. Gari lenye injekta (vinyunyizi vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta) na sensa ya oksijeni hujirekebisha lenyewe. Kabureta haijui, huendelea kupima vilevile, na injini hupata hewa nyingi kupita kiasi kwa mafuta yanayoingia. Inapata joto zaidi na kusitasita unapokanyaga. Fundi mzuri hulimaliza hilo kwa jeti kubwa kidogo. Ulaji wa mafuta huongezeka kama asilimia 3.

Kwa hiyo ukimwona fundi, anza na mipira. Omba ile yenye maandishi R9 ubavuni, inayouzwa kwa magari ya injekta. Ndani yake ina utando unaostahimili ethanoli. Badilisha chujio mwanzoni, kisha tena baada ya matangi mawili. Na ukisafiri na kuliacha gari kwa muda mrefu, jaza tangi hadi juu ili hewa ikose nafasi, chomoa waya wa pampu kama ni ya umeme au funga koki ya mafuta kama ipo, kisha acha injini inguruma hadi izimike yenyewe na bakuli la kabureta libaki kavu.