Kimya cha kikao si makubaliano

Wengi tumelelewa na msemo kwamba kunyamaza ni kukubali. Chukua kikundi cha wauza dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Mwenyekiti anataka mkopo wa kurejeshwa kila wiki. Kila mmoja anajua kwamba mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa za wavuvi, kwa hiyo wiki hizo fedha ya rejesho haipatikani, lakini akiwaona wenzake wametulia anadhani ni yeye peke yake mwenye shaka. Mwenyekiti anasema, "Basi tumekubaliana." Hapana, hawajakubaliana.

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilipima jambo hili Marekani miaka ya 1950. Watu waliulizwa ni mistari ipi inalingana urefu, huku wenzao waliopangwa wakitaja kwa pamoja jibu lisilo sahihi. Takriban theluthi moja ya majibu yao yalifuata kundi. Alipokuwepo hata mmoja wa kusema kweli, kufuata kundi kulipungua sana. Mmoja tu! Hilo ndilo linalonipa matumaini.

Rais Kennedy wa Marekani naye, baada ya uvamizi aliouidhinisha dhidi ya Kuba kushindwa mwaka 1961, alibadili utaratibu wa vikao: kwenye mgogoro wa 1962 kuhusu makombora ya Usovieti yaliyowekwa Kuba, baadhi ya vikao hakuhudhuria makusudi, washauri wabishane kwa uhuru.

Kwa hiyo mwenyekiti aseme mwisho, na kabla ya mjadala kila mtu aandike shaka yake kwenye karatasi, bila jina.