Je, wajua kwa nini takwimu za makwotabeki wa zamani hazilingani na za leo?

Joe Namath wa New York Jets alistaafu akiwa amerusha pasi 173 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na 220 zilizonaswa na wapinzani. Kwotabeki wa leo katika futiboli ya Kimarekani, yule anayeongoza mashambulizi na kuamua mpira arushiwe nani, akiwa na hesabu kama hiyo hadumu kikosini. Namath yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, tena anastahili.

Kilichobadilika zaidi ni kanuni. Zamani beki aliweza kumgonga na kumsukuma mpokeaji hata mbali uwanjani, mradi mpira haujarushwa. Mwaka 1978 NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ikazuia kumgusa zaidi ya yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia mchezo. Mwaka huohuo, wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomzuia adui. Kwotabeki akapata muda wa kutazama, mpokeaji akapata nafasi ya kukimbia. Mechi za msimu nazo ziliongezeka: 14 kuanzia 1961, 16 kuanzia 1978, na sasa 17.

Ndiyo maana msimu wa Namath wa 1967 unanishangaza hadi leo. Pasi zake zilisogeza timu yadi 4,007 katika mechi 14, akawa wa kwanza kuvuka 4,000. Hakuna aliyevuka tena hadi Dan Fouts mwaka 1979, na huyo tayari alikuwa na mechi 16 na kanuni mpya.

Kwa hiyo kipimo cha haki ni kumlinganisha mchezaji na wenzake wa wakati wake. Chukua Dan Marino wa Miami mwaka 1984. Rekodi ya tachidauni za pasi kwa msimu ilikuwa 36. Yeye akafikisha 48, theluthi nzima zaidi. Peyton Manning alipofikisha 55 mwaka 2013, alivunja rekodi ya 50 ya Tom Brady. Rekodi ya yadi aliivunja msimu huohuo kwa yadi moja tu, 5,477 dhidi ya 5,476 za Drew Brees. Kwangu mimi, msimu wa Marino ndio mkubwa kuliko yote. Aliwaacha wenzake mbali mno.

Kuna pia kazi isiyoonekana kwenye takwimu. Johnny Unitas wa Baltimore Colts alijichagulia mwenyewe mbinu ya kila shambulizi palepale uwanjani. Tangu 1994 kwotabeki wa NFL husikia maelekezo ya kocha kupitia redio ndani ya kofia. Hata hivyo rekodi ya Unitas ya mechi 47 mfululizo zenye pasi ya tachidauni, iliyoishia 1960, ilisimama hadi Brees alipoivunja mwaka 2012.

Ubingwa nao una mtego wake. Otto Graham wa Cleveland Browns alicheza misimu 10, akafika fainali zote 10 na kushinda 7. Brady alishinda Super Bowl, fainali ya NFL, mara 7 katika misimu 23. Ila mataji 4 ya Graham yalitoka ligi ya AAFC, iliyokuwa na timu zisizozidi 8, ilhali Brady alipambana na ligi ya timu 32 kwa karibu muda wake wote. Namweka Brady mbele, lakini Graham namweka juu ya Manning, na najua wengi watabisha.