Ada imefutwa, basi msaada wa nini?

Hapa Bagamoyo nasikia sana: "Ada ilishafutwa, hivi vikundi vya mtaani vinawachangishia nini watoto wa awali?"

Kweli, tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada, darasa la awali likiwemo. Lakini sare, madaftari na uji wa saa nne vimebaki kwa mzazi. Bahari ikichafuka kwa kusi, baba mvuvi akarudi mikono mitupu, mtoto wa miaka mitano anakosa shule kwa sababu ya kandambili. Nilimkuta mmoja kata ya Dunda, hapa hapa Bagamoyo, kakaa barazani, kavaa shati la kaka yake, mikono inamfika magotini. Kikundi kilimlipia uji, mama akapewa mtaji wa kukaanga mihogo. Wiki ileile alikuwa darasani, anaimba irabu.