Biostatistiki ni nini? Maelezo kutoka Bagamoyo

Ukimwambia mtu wa Bagamoyo kwamba kijana wako ni mtakwimu, atakuuliza, "Wa sensa?" Hana kosa. Neno takwimu kwetu limebeba mizigo miwili. Wa kwanza ni tarakimu zenyewe: watoto wangapi wamefika kliniki mwezi huu, wangapi wamekutwa na malaria. Wa pili ni elimu ya kuzipima tarakimu hizo, kujua zinasema nini na zipi zinatudanganya. Biostatistiki ni mzigo huu wa pili ukishapelekwa kwenye tiba, afya na viumbe hai. Kuhesabu wagonjwa anaweza karani yeyote makini. Mtakwimu wa tiba anahitajika pale mtu anaposema, "Waliotumia dawa hii wamepona zaidi," naye akamrudishia maswali mawili: zaidi ya nani? Na je, haiwezi kuwa imetokea tu?

Tuanze na lile la kwanza. Pita nyumba kwa nyumba pale Dunda au Magomeni, ukute watoto wanaolala ndani ya chandarua wanaugua malaria kidogo. Utakisifu chandarua. Lakini mwenye chandarua kizima huenda ndiye mwenye dari, mwenye wavu madirishani, na mwenye nauli ya kumwahisha mtoto hospitali. Kipi hasa kimemkinga? (Chandarua chenye dawa kinakinga kweli, majaribio yamekwisha kuonyesha hivyo. Ila matembezi yako ya nyumba kwa nyumba yasingetosha kuonyesha.) Njia ya kujinasua ni kura. Watoto wagawanywe makundi mawili kwa bahati nasibu tupu, bila mzazi wala daktari kuchagua. Kura haijui nani ana dari. Watoto wakiwa wengi, wenye dari na wasio nayo watajikuta wamesambaa karibu sawa pande zote mbili, na kitakachobaki kuwa tofauti ni kile unachokipima.

Ndivyo ilivyofanyika kwa chanjo ya malaria ya RTS,S. Jaribio lake kubwa lilianza mwaka 2009 na kuandikisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika. Tanzania ilikuwa na vituo viwili, vyote vya ukanda wetu huu: Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Afya Ifakara, na Korogwe mkoani Tanga, chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kundi la ulinganisho halikudungwa maji. Watoto wakubwa kidogo katika kundi hilo walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili nao wasitoke mikono mitupu, na wazazi hawakuambiwa nani kapata ipi. Mzazi akijua, atamwangalia mwanawe kwa jicho jingine, na hesabu itaharibika. Usiri wa namna hii ndio unaolisha uvumi wa mumiani mitaani, nami siwalaumu sana wanaouamini. Ni nadra mtu kuwaeleza kwa nini siri inahitajika.

Matokeo ya mwisho yalitoka mwaka 2015. Kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Wengi waliisoma 36 hiyo vibaya. Haina maana kwamba kati ya watoto 100, watoto 36 wamekingwa kabisa na 64 wameachwa wazi. Kinachohesabiwa ni mara za kuugua: palipotarajiwa mara 100, zilitokea 64. Na kwa kuwa mtoto wa sehemu zenye mbu wengi huugua malaria mara kadhaa kabla ya kuanza shule, jaribio lilikadiria kwamba kila watoto 1,000 waliochanjwa waliepushwa mara 1,774 za kuugua. Mara zilizoepushwa ni nyingi kuliko watoto wenyewe! Aliyeishia kwenye asilimia hakuliona hilo.

Mtakwimu hakuiacha 1,774 peke yake. Aliiwekea mipaka, kati ya 1,387 na 2,186. Mipaka hiyo inakubali kwamba watoto waliopimwa ni sehemu tu ya watoto wote, na sehemu nyingine ingetoa jibu tofauti kidogo. Pale soko la samaki, mnunuzi mzoefu hatazami dagaa wa juu ya ndoo. Huzamisha mkono hadi chini, tena ndoo zaidi ya moja, na hata hivyo bei yake huacha nafasi ya kukosea.

Sasa lile swali la pili, la bahati, ambalo kwangu ndilo gumu na tamu zaidi. Katika jaribio lile, homa ya uti wa mgongo ilijitokeza zaidi kwa waliochanjwa kuliko wenzao, ingawa wagonjwa wake walikuwa wachache mno. Ni chanjo, au ni sadfa? Ukipima mambo 20 yasiyo na tofauti yoyote, kwa kipimo kinachokosea mara 1 kati ya 20, tegemea moja litajichomoza bila sababu. Lakini huwezi kumwambia mama mwenye mtoto, "Hiyo sadfa, mama, endelea tu." Wala huwezi kuitupa chanjo kwa kivuli ambacho huenda si mtu. Wachache hawana sauti ya kutosha, inabidi kutafuta wengi. Kuanzia mwaka 2019 chanjo ilitolewa Ghana, Kenya na Malawi, na maeneo ya kutangulia yakachaguliwa kwa kura. Hadi Oktoba 2021 zaidi ya watoto 800,000 walikuwa wamechanjwa, na ile homa haikuonekana zaidi upande wa chanjo. Mwezi huohuo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Chanjo ya pili, R21, ambayo Bagamoyo ilikuwa tena kituo kimojawapo cha jaribio lake, ilipendekezwa Oktoba 2023.

Kando ya majaribio kuna hisabati ya kuigiza ugonjwa kwa milinganyo. Ronald Ross, aliyeonyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, alikwenda mbele akaandika hesabu za uambukizaji. Zilimpa jibu ambalo wengi hawakulitaka kulisikia: si lazima umalize mbu wote. Wakipungua chini ya kiwango fulani, malaria yenyewe hufifia. Miaka ya 1950 mtaalamu wa malaria George Macdonald aliziendeleza hesabu hizo akaona kwamba umri wa mbu una uzito kuliko wingi wake. Kimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa mwilini mwa mbu, na mbu wengi hawafiki huko. Ukipunguza maisha yake kwa siku chache tu, wanaofika hupungua kwa kasi kubwa. Ndiyo sababu dawa hupuliziwa ukutani, mahali anapotua kupumzika akishashiba damu.