Bhangi, unga na hela za serikali: maswali mnayoniuliza hapa Kigoma

Haya nimeyaokota Mwanga stendi, Kibirizi kwenye mitumbwi na vijiweni, kwaiyo msishangae yamechanganyika.

Polisi si wawakamate wote tu, yaishe?

Kukamata lazima kuwepo, sikatai. Sheria ya sasa ya dawa za kulevya ipo tangu 2015, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) ikaanza kazi 2017, na msafirishaji anaweza kula kifungo cha maisha. Ila jamani tuseme ukweli, anayedakwa kirahisi ni dogo wa kijiweni mwenye kete moja mfukoni, mwenye mzigo wala humuoni. Dogo anakaa ndani, anatoka hana kazi, hana jina, anarudi kijiwe kile kile. Alafu kama alikuwa mtu wa unga (heroini) kuna hatari wengi hawaijui: akikaa muda bila kutumia mwili unapoteza uzoefu, siku akitoka akapiga kipimo chake cha zamani pumzi inakata na anakufa.

Sasa hela ziende wapi?

Kwenye tiba na kinga zaidi ya zinavyoenda sasa, huo ndo msimamo wangu. Marekani mwaka 1994 taasisi ya utafiti ya RAND ilipiga hesabu ya kokeini: kupunguza matumizi kwa asilimia 1 kwa njia ya tiba ni dola milioni 34, kwa polisi na magereza ya ndani milioni 246, na kuifuata huko nchi inakotoka milioni 783. Ni hesabu ya zamani na ya kwao, hatuwezi kuibeba nzima nzima kuileta Kigoma, lakini pengo hilo sio dogo.

Mbona elimu ipo, shuleni wanakuja kuongea?

Wanakuja kutisha. Mgeni anasimama mstarini, anasema bhangi inaua, watoto wanaitikia "ndiyooo", wakati nusu yao wana kaka anayevuta na hajafa, basi hapo hapo umeshapoteza imani yao. Marekani walikuwa na programu inaitwa DARE, ilianza 1983, polisi wanaingia madarasani, hela nyingi ikaenda, na watafiti walipokuja kupima wakakuta tofauti kwa watoto ni ndogo mno. Kinachosaidia ni mazoezi: unawaweka wawili mbele, mmoja anamshawishi mwenzie "vuta kidogo bana we mwoga", mwenzie anatafuta jibu la kukataa bila kuchekwa, darasa linacheka, wanarudia tena wiki ijayo. Na wazazi nao wafundishwe malezi. Mwalimu wa kawaida aliyepewa mafunzo anaweza hii.

Mama wa Ujiji: wa kwangu ana miaka 15 anavuta bhangi, nimpeleke polisi?

Mama angu, hapana, anza kuongea nae akiwa ametulia, sio akiwa amevuta. Usipuuze lakini, maana ubongo wa umri huo bado unakua, na wanaoanza utotoni karibu 1 kati ya 6 wananasa, wakubwa ni kama 1 kati ya 10. Akianza kusikia sauti zisizokuwepo au kuogopa watu bila sababu, hospitali siku hiyo hiyo, na sio kwa mganga kwanza.

Methadoni si ulevi mwingine tu?

Sio hivyo. Ni tiba ya mtu wa unga, hapa nchini ilianza Muhimbili 2011. Ni dawa ya maji, mtu anakuja kila siku, anainywa mbele ya mhudumu, anapewa maji, anaongeshwa kidogo ili ionekane amemeza kweli. Inazuia arosto ya kukosa unga, yale mafua, kuharisha na viungo kuuma kama vinavunjwa, kwaiyo haamki akiwaza aibe nini, na hajidungi kwa sindano ya mwenzie, ambako ndiko VVU inakopita. Anaweza kwenda kazini.

Nikitaka kuripoti muuzaji au kuuliza msaada?

Namba ya DCEA ni 119, bure, na jina lako sio lazima ulitaje.