Video ya harusi: kabla ya kuuliza kamera, ulizeni sauti itanaswaje

Wachumba wengi wakikaa na mpiga video, swali la kwanza ni aina ya kamera na la pili ni kama kuna droni. Natamani la kwanza lingekuwa hili: "Kiapo chetu utakinasa vipi?" Picha ikiwa na kasoro kidogo, macho huvumilia. Maneno yakifunikwa na feni la kanisani au mwangwi wa spika, hakuna uhariri utakaoyarudisha. Gauni mnaweza kulipiga picha tena hata wiki inayofuata, lakini sauti ya baba akimkabidhi binti yake haipatikani mara ya pili.

Nazungumzia hasa harusi ya Dar es Salaam kama tunavyoizoea: saluni asubuhi, ndoa mchana, picha za nje jioni, ukumbini usiku. Wa Mwanza, Arusha au Mombasa watabadilisha saa tu.

Kanisani na kwenye nikaha

Kamera iliyo mita sita kutoka altare husikia kila kitu isipokuwa maharusi. Dawa yake ni maiki ndogo ya kubana kwenye nguo ya bwana harusi, pamoja na kinasa sauti kidogo mfukoni mwake. Ibanwe kwenye ukosi wa koti, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Isifichwe chini ya tai, kwa sababu kitambaa kikiisugua mtasikia mkwaruzo kila anapovuta pumzi. Bibi harusi hana haja ya maiki yake: shela, lesi na mkufu vingeikwaruza mwanzo hadi mwisho. Wakati wa kiapo wanasimama wakitazamana, hata mita moja haifiki, kwa hiyo maiki ya bwana harusi inawatosha wote wawili. Simu ya bwana harusi apewe msimamizi wake, isikae mfuko mmoja na kinasa sauti.

Maiki nyingi za bei nafuu hutuma sauti kwenye kamera kwa mawimbi ya 2.4 GHz, mawimbi yale yale ya Wi-Fi na Bluetooth. Kwenye mazoezi zinafanya kazi vizuri, lakini kanisa likijaa watu 300 wenye simu sauti inaanza kukatikakatika. Kwa hiyo mwulizeni mpiga video kama maiki yake inarekodi pia ndani yake yenyewe. Akisema hapana, mwombeni aongeze kinasa sauti kingine karibu na mimbari. Kirekodi kabla bibi harusi hajaingia na kizimwe baada ya ibada. Mara nyingi sauti haipotei kwa kuharibika kifaa. Hupotea kwa betri ya jana, au kwa mtu aliyepanga kukiwasha "kiapo kikikaribia".

Padre au mchungaji aulizwe wakati wa mafundisho ya ndoa, si asubuhi ya siku yenyewe. Mwulizeni kamera zitasimama wapi, taa inaruhusiwa au hairuhusiwi, na kama sauti inaweza kuchukuliwa kwenye mitambo ya kanisa. Yapo makanisa yasiyoruhusu mpiga picha kupanda altareni, na ni heri hilo lijulikane mapema ili itafutwe kamera yenye lenzi ya kuvuta mbali.

Nikaha ina ugumu wake. Wali (mzazi au mlezi anayemwozesha bibi harusi) na bwana harusi wameshikana mikono, ijabu na kabuli, yaani maneno ya kuozesha na ya kukubali, zinasemwa kwa sauti ya chini, na kwa sekunde chache jambo limekwisha. Kamera iwe imeshaanza kurekodi tangu hotuba ya nikaha. Kanzu ni nyepesi, na maiki ikibanwa vibaya shingo ya kanzu inalala. Bwana harusi akivaa koti au joho, ibanwe huko. Kamera kuu ikae chini, usawa wa waliokaa, mahali ambapo imamu ameridhia. Na kama idhini ya bibi harusi inaulizwa upande wa wanawake, hapo anahitajika mpiga video wa kike mwenye kamera yake.

Suala hilo la mpiga video wa kike lisiachwe hewani, hasa Pwani na Visiwani. Mkikubaliana kwamba shughuli ya wanawake itapigwa na mwanamke, ulizeni pia nani atakayeihariri, kwa sababu mhariri huitazama yote, mara nyingi zaidi ya mara moja. Andikeni kwenye mkataba kwamba sehemu hiyo inahaririwa na mwanamke, inatoka kwenye flashi yake peke yake, na haiwekwi mtandaoni hata kipande. Kitchen party iandikiwe masharti hayo hayo.

Miksa ya DJ

Ukumbini, maneno yote ya maana hupita kwenye miksa ya DJ, mtambo wake wa kuchanganyia sauti: wazazi, wasimamizi, MC, nasaha za wazee. Mpiga video aunganishe kinasa sauti chake hapo wakati DJ anafunga vyombo, tuseme saa 10 jioni. Wageni wakishaketi, DJ hana muda wa kutafuta kebo.

Njia ya kutolea sauti ikifuata kitufe kikuu cha miksa, kila DJ akiongeza sauti ya ukumbi, rekodi nayo inapanda mpaka inapasuka. Mwombeni DJ atoe njia ya pembeni yenye kitufe chake, kisha, kwa kujaribu, MC apaze sauti kama atakavyoipaza wakati maharusi wanaingia. Mshale wa kinasa sauti usizidi hasi 12 desibeli. Panaonekana chini, lakini saa 4 usiku kila mtu atakuwa anapaza sauti, na nafasi hiyo itajaa. Sauti ya chini huinuliwa wakati wa kuhariri, iliyopasuka haitengenezeki.

Jambo jingine ni umeme. Kinasa sauti kikichomekwa kwenye soketi ya meza ya DJ, umeme ukikatika kabla ya jenereta kupokea, faili linaweza kubaki bila kufungwa na lisifunguke tena. Kitumie betri. Pia kiwepo cha pili, mbali na spika, kwa ajili ya vigelegele na vicheko. Sauti ya miksa peke yake ina maiki na muziki tu, na hotuba ya mama isiyo na vigelegele nyuma yake inasikika kama imerekodiwa chumbani.

MC naye ana kazi yake. Wazee wengi hushika maiki usawa wa tumbo. MC akisimama karibu na kuiinua hadi kidevuni kwa adabu, ameokoa hotuba nzima. Akumbushwe pia kumwambia DJ azime muziki kabisa wazazi wakiongea. Muziki ukishachanganyika na sauti ya mzazi, kuutenganisha huacha sauti iliyokwaruzika.

Mwanga: mpigieni simu mpambaji

Taa za zambarau na buluu zinapendeza kwenye vitambaa, ila zikimwangazia mtu usoni zinamharibia sura. Mwanga wa buluu hauna wekundu na umanjano ambao ngozi yetu inahitaji ili ionekane hai, na kisichokuwepo kwenye mwanga hakiongezwi kwenye kompyuta. Mwambieni mpambaji rangi zibaki nyuma na pembeni, na meza kuu ipate taa mbili nyeupe zenye joto kidogo, moja kila upande, mbele yao, juu kidogo ya kimo cha mtu aliyesimama. Kwenye keki iongezwe moja. Si gharama kubwa, na naiona ina faida kuliko kamera ya tatu.

Skrini kubwa ya LED nyuma ya meza kuu ipunguzwe mwanga na iwekwe picha tulivu ya rangi nzito. Ikiwaka sana, kamera inachagua: ama nyuso ziwe vivuli, ama skrini iwe karatasi nyeupe. Ile mistari myeusi inayopanda na kushuka kwenye video inatokana na taa kuwaka na kuzima kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo kamera zipigwe fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Anayepiga fremu 30 au 60 kwa kuwa kamera ilitoka kiwandani hivyo atakutana na mistari hiyo. Taa za mapambo nyingine zina kasi yake, kwa hiyo mpiga video ajaribu dakika tano ukumbini taa zote zikiwaka.

Mkitaka moshi wa kutambaa sakafuni wakati wa kucheza, mpiga video aambiwe kabla. Kamera inayojitafutia fokasi hushika moshi na kuwaacha maharusi kwenye ukungu.

Saa zisizotimia

Saluni saa 3 asubuhi hadi mwisho wa sherehe saa 6 usiku ni saa 15. Kifurushi cha saa 8 kikianzia saluni kinakwisha saa 11 jioni, kabla hata ukumbi haujajaa. Afadhali mkate asubuhi: saluni inahitaji dakika 40 za mwisho tu, bibi harusi akivaa gauni na kuvishwa shela. Chumba kiwe na dirisha na kona moja isiyo na mabegi na vyombo vya chakula.

Picha za nje zina adui mmoja, jua. Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 na robo hivi na saa 12 na dakika 50, kutegemea mwezi, na baada ya hapo giza huingia ndani ya nusu saa. Mwanga mzuri ni ile saa moja kabla ya kuzama. Mkitoka kanisani saa 9 mkaenda ufukweni moja kwa moja, jua bado ni kali: gauni jeupe linaungua kwenye picha na macho yanabaki na vivuli. Kaeni kwanza kivulini, pigeni za familia, muende ufukweni saa 11 kasorobo. Turubai la kijani au buluu lisitumike kama kivuli cha picha, rangi yake hushuka usoni.

Kwenye msafara, gari la wapiga video liondoke dakika 20 kabla ya la maharusi. Likibaki nyuma ya matarumbeta kwenye foleni, bibi harusi atashuka garini hakuna kamera. Na mtu asikae ukingoni mwa pikapu na kamera begani; kipande hicho cha video hakistahili hatari hiyo.

Kila upande wa familia uchague mtu mmoja anayewafahamu wazee wote, asiwe msimamizi wala mwenyekiti wa kamati, akae na mpiga video wakati wa utambulisho. Mpeni mpiga video pia orodha ya watu 15 ambao lazima waonekane, pamoja na mahali walipoketi. Mpiga video hamjui bibi aliyesafiri siku mbili kutoka kijijini. Atampiga aliyevaa vizuri zaidi.

Wapiga video wahesabiwe kwenye idadi ya chakula, na wale chakula chao wakati wageni wanakula. Hakuna anayependa kuonekana akitafuna.

Droni: anayeirusha awe na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), mkione wiki kadhaa kabla. Kama ukumbi uko karibu na uwanja wa ndege, isahauni.

Mkataba na makabidhiano

Mkataba utaje majina ya watakaoshika kamera, idadi ya kamera, saa ya kuanza na kumaliza, gharama ya kila saa ya ziada, urefu wa video ndefu na ile fupi, tarehe ya kukabidhi, na mara ngapi mnaweza kuomba marekebisho. Malipo mimi huyapendelea kwa mafungu matatu: nusu wakati wa kusaini, sehemu kubwa ya iliyobaki siku ya harusi, na kiasi kisichopungua asilimia 10 video ikishakabidhiwa. Fungu hilo la mwisho ndilo linaloifanya tarehe iheshimiwe.

Ulizeni kuhusu nakala. Kamera inayopiga 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inajaza GB 45 kwa saa. Kamera tatu kwa saa sita ni GB 810. Kwa hiyo anayekuja na memori kadi mbili amepanga kufuta kitu katikati ya sherehe. Kamera ziwe na nafasi mbili za kadi zinazorekodi kwa pamoja, na usiku huo huo vyote vinakiliwe kwenye diski mbili zinazolala nyumba tofauti. Mkitaka video ghafi, nunueni diski ya TB 2 mpeleke wenyewe, na mkubaliane atazitunza za kwake kwa miezi mingapi.

Mkipanga kuiweka YouTube, mwambieni kabla ya kuhariri. Mtandao huo hutambua nyimbo za watu wenyewe, na video inaweza kuzuiwa au kunyamazishwa. Video fupi itumie muziki wenye leseni. Ile ndefu yenye nyimbo za DJ ibaki nyumbani.

Siku ya kupokea, msiangalie kwenye simu. Vaeni hedifoni msikilize kiapo na hotuba zote mbili za wazazi, kisha muangalie tahajia ya majina. Marekebisho yaandikwe kwa dakika na sekunde ("41:20, jina la mjomba limekosewa"). Halafu flashi ichomekwe kwenye televisheni ya wazazi. Video ya saa tatu kwa megabiti 10 ni kama GB 13, na flashi ya mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ndiyo maana nyingine hukatwa vipande au hazinakiliki kabisa. Ombeni flashi ya mfumo wa exFAT kama televisheni inaisoma. Kama ni ya zamani, ombeni vipande vinne vilivyokatwa mahali penye maana: kanisani, kuingia ukumbini, utambulisho na keki, zawadi na kucheza.